Ufadhili wa vipindi maalumu vya redio nchini Tanzania

Vipindi maalumu vya redio nchini Tanzania ni vipindi vinavyotayarishwa kwa ajili ya kundi fulani la wasikilizaji au kwa ajili ya mada moja, kama vile kilimo, ufugaji, afya ya uzazi, malezi ya watoto wadogo, haki za wanawake au mambo ya wilaya moja. Vinatofautiana na vipindi vya jumla kama taarifa ya habari, muziki, michezo na salamu.

Vipindi vya namna hiyo mara chache hujilipia kwa matangazo ya biashara. Tangu miaka ya kwanza ya uhuru vimetegemea bajeti ya serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa, nchi wafadhili, makanisa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha hizo hutolewa kwa mradi wenye tarehe ya mwisho, kipindi huweza kufungwa wakati bado kina wasikilizaji na wakati tatizo kinacholizungumzia bado lipo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa vipindi vya mahali, yaani vile vinavyotolewa na redio ndogo kwa ajili ya wilaya au kata chache za vijijini, kama Sindeni katika Wilaya ya Handeni, Mkoa wa Tanga.

## Aina za vipindi

Vipindi maalumu vinaweza kugawanywa katika makundi yafuatayo:

* Vipindi vya kilimo na mifugo: huzungumzia majira ya kupanda, mbegu, wadudu waharibifu, magonjwa ya mifugo, hifadhi ya mazao na bei za masoko. Kwa kawaida hushirikisha afisa ugani na wakulima wenyewe.
* Vipindi vya afya: uzazi wa mpango, chanjo, malaria, Virusi vya UKIMWI, lishe na usafi.
* Michezo ya kuigiza yenye mafunzo: hadithi ndefu inayoendelea wiki hadi wiki, ambamo mafunzo yamefichwa ndani ya maisha ya wahusika.
* Masomo kwa redio: vipindi vinavyosikilizwa darasani au katika vituo vya watoto, mwalimu au mlezi akifuata maelekezo ya sauti.
* Vipindi vya uwajibikaji: wananchi huuliza maswali kuhusu maji, barabara, ardhi au zahanati, na viongozi wa kijiji, kata au halmashauri hujibu.
* Vipindi vya utamaduni wa mahali: historia, ngoma, methali na mila za watu wa eneo husika.

Makundi hayo yanafanana katika jambo moja: gharama ya kuvitayarisha ni kubwa kuliko ile ya kupiga muziki. Mtayarishaji lazima asafiri hadi kijijini, arekodi, amtafute mtaalamu, ahariri na kurudi tena kusikiliza maoni. Nauli, mafuta ya pikipiki, vocha za simu na posho ndizo gharama za kwanza kukatwa fedha zinapopungua.

## Historia

### Kampeni za redio baada ya uhuru

Matangazo ya redio Tanganyika yalianza mwaka 1951 kwa kituo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 redio ikawa idara ya serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD).

Serikali ya Julius Nyerere iliitumia redio kama shule ya watu wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha mfululizo wa kampeni ambazo ndani yake wanakijiji walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu na kujadiliana nini cha kufanya. Kampeni hizo ni pamoja na *Kupanga ni Kuchagua*, kuhusu mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, *Uchaguzi ni Wako* ya mwaka 1970, na *Wakati wa Furaha* ya mwaka 1971, iliyoadhimisha miaka kumi ya uhuru.

Kampeni kubwa kuliko zote ilikuwa *Mtu ni Afya* ya mwaka 1973. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wazima takriban milioni 2 walishiriki. Baada ya kusikiliza, vikundi vilichimba vyoo, vilifyeka vichaka karibu na nyumba na kusafisha vyanzo vya maji. Mwaka 1975 ilifuata *Chakula ni Uhai*, iliyohusu lishe na uzalishaji wa chakula, nayo ilishirikisha zaidi ya watu milioni 1.

Kampeni hizo zilisimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ilikuwa mtandao wa serikali na chama hadi ngazi ya nyumba kumi. Ya pili ilikuwa msaada wa nje, hasa wa Sweden kupitia shirika lake la misaada, SIDA. Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchumi uliyumba kutokana na kupanda kwa bei ya mafuta na gharama za vita vya Kagera (1978–1979), na kampeni za ukubwa huo hazikuendelea. Jina la *Mtu ni Afya*, hata hivyo, lilibaki katika kumbukumbu za watu kiasi kwamba Wizara ya Afya imelitumia tena kwa kampeni mpya katika miaka ya 2020.

### Twende na Wakati

Mwaka 1993 RTD ilianza kurusha mchezo wa kuigiza *Twende na Wakati*, uliohusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Ulitangazwa mara mbili kwa wiki, kila kipindi kikiwa cha nusu saa. Fedha zilitoka kwa Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Idadi ya Watu (UNFPA), na ujuzi wa utungaji ulitoka kwa shirika la Population Communications International la New York.

Mhusika aliyejulikana zaidi alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, ambaye mwishowe alipata UKIMWI. Mkewe, Tunu, alijifunza kusimama kwa miguu yake mwenyewe.

Mchezo huo ni muhimu katika historia ya utangazaji kwa sababu ulipimwa kwa njia isiyo ya kawaida. Kati ya mwaka 1993 na 1995 mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo, bali vipindi vingine vya eneo hilo. Watafiti, akiwemo Everett Rogers wa Chuo Kikuu cha New Mexico nchini Marekani, walilinganisha wakazi wa eneo la Dodoma na wale wa maeneo mengine ya nchi. Waliona kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi pale mchezo uliposikika. Mwaka 1995 Dodoma nayo ilianza kuupata.

Kwa hiyo Tanzania ni moja kati ya nchi chache ambako imewezekana kuona kwa vipimo tofauti kati ya watu waliokuwa na kipindi na wale waliokikosa.

### Redio binafsi na redio za jamii

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994, ikafuatwa na vituo vingine vingi. Katika miaka ya 2020 vituo vya redio vyenye leseni nchini vimezidi 200. Usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Redio ya serikali iligeuzwa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT), na baadaye Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC).

Wingi wa vituo haukuleta wingi wa vipindi maalumu. Redio za biashara hufuata matangazo, na watangazaji wa biashara huwatafuta wakazi wa mijini wenye fedha ya kununua. Mkulima wa vijijini si mteja wanayemlenga kwanza.

Pengo hilo lilijazwa kwa sehemu na redio za jamii, ambazo hazilengi faida na huhudumia eneo dogo. Miongoni mwake ni:

* Orkonerei FM ya Terrat, Wilaya ya Simanjiro (Mkoa wa Manyara), iliyoanza mwaka 2002 kwa ajili ya wafugaji;
* Sengerema FM katika Mkoa wa Mwanza, iliyokua pamoja na kituo cha mawasiliano cha jamii kilichoungwa mkono na UNESCO;
* FADECO ya Karagwe katika Mkoa wa Kagera, inayojulikana kwa vipindi vya wakulima;
* Pambazuko FM ya Ifakara katika Mkoa wa Morogoro;
* Micheweni FM ya kisiwani Pemba;
* Pangani FM katika Mkoa wa Tanga, inayohusiana na shirika la UZIKWASA la Pangani.

Kanuni za utangazaji za Tanzania zinataka vipindi viwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa sababu hiyo redio za jamii nchini hazifanani na za Kenya au Uganda, ambako vituo vingi hutangaza kwa lugha za makabila.

### Miradi ya elimu, kilimo na uwajibikaji

Tangu mwaka 2000 vipindi vingi maalumu vimezaliwa ndani ya miradi. Huko Zanzibar, mradi uliogharamiwa na Marekani kuanzia mwaka 2006 ulitayarisha vipindi vya *Tucheze Tujifunze* kwa watoto ambao hawakuwa na shule ya awali karibu na nyumbani. Watoto walikusanyika katika vituo vya kijiji pamoja na mlezi na redio moja.

Katika kilimo, shirika la Farm Radio International la Kanada, lililoanzishwa mwaka 1979 na mtangazaji George Atkins, liliendesha utafiti katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo, kuanzia mwaka 2007. Fedha zilitoka kwa mfuko wa Bill na Melinda Gates. Redio 25 zilishiriki. Matokeo yalionyesha kwamba wakulima walioshiriki kuchagua mada na kutayarisha kipindi walifuata mbinu mpya kwa wingi kuliko waliosikiliza tu, na waliosikiliza tu waliwazidi wale ambao hawakufikiwa na matangazo.

BBC Media Action, shirika la hisani la BBC, lilitayarisha *Haba na Haba*, kipindi cha uwajibikaji kilichorushwa kwa ushirikiano na redio za mikoani kwa fedha za serikali ya Uingereza. Deutsche Welle ya Ujerumani nayo ilitoa mfululizo wa *Noa Bongo! Jenga Maisha Yako* kwa vijana, kwa fedha za Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani.

Kwa upande wa mitambo na mafunzo, UNESCO kwa msaada wa Sweden iliendesha kuanzia mwaka 2012 mradi wa kuziimarisha redio za mahali katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2017 ulianza mradi wa *Boresha Habari* uliofadhiliwa na Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Marekani (USAID), ambao ulisaidia pia redio za jamii.

## Jinsi vipindi vinavyolipiwa

Redio ndogo ya wilaya huwa na vyanzo kadhaa vya mapato, na karibu vyote ni vyembamba:

* Salamu na matangazo madogo: wasikilizaji hununua kadi za salamu, na familia hulipia matangazo ya vifo, harusi na mali iliyopotea.
* Matangazo ya biashara: maduka ya pembejeo, shule binafsi, waganga na kampuni za simu.
* Muda wa hewani: shirika, kanisa au idara ya serikali hununua saa moja au nusu saa na kuleta kipindi chake.
* Miradi: mfadhili hugharamia utayarishaji, mafunzo na vifaa kwa miaka miwili, mitatu au mitano.
* Kujitolea: watangazaji wengi wa redio za jamii hawana mshahara kamili, na wengine hupata posho tu.

Matumizi, kwa upande mwingine, hayasubiri mradi. Kuna ada za leseni, bili ya umeme, mafuta ya jenereta umeme unapokatika, matengenezo ya mnara na mtambo wa kurushia matangazo, na intaneti.

Katika mpangilio huo fedha za salamu na matangazo hutosha kuiweka redio hewani, lakini hazitoshi kumpeleka mtayarishaji kijijini. Ndiyo maana kupungua kwa ufadhili mara nyingi hakuizimi redio. Mnara unabaki na muziki unaendelea, ila saa ya wakulima hujazwa na nyimbo, au kipindi cha zamani hurudiwa hadi msimu wake umepita. Msikilizaji hatangaziwi kwamba kipindi kimefungwa, hukikosa tu.

## Kupungua kwa ufadhili

### Ukomo wa miradi

Sababu ya kawaida kabisa ya kufungwa kwa kipindi ni kwamba mradi umefika mwisho. Mfadhili hupima mafanikio ndani ya kipindi cha mkataba, kisha huhamia mada nyingine au nchi nyingine. Watayarishaji waliofundishwa huajiriwa na vituo vya mijini au na mashirika, na vikundi vya wasikilizaji hupoteza mtu wa kuvitembelea.

Mada nazo hufuata mfadhili. Fedha zikiwa za UKIMWI, redio nyingi huwa na kipindi cha UKIMWI. Zikiwa za uchaguzi, kila redio huwa na kipindi cha uchaguzi. Shida ya mahali isiyo na mradi, kwa mfano mgogoro wa malisho kati ya vijiji viwili, huweza kukosa nafasi hewani kwa miaka mingi.

### Mwaka 2025

Mwaka 2025 ulileta mshtuko mkubwa zaidi. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya maendeleo ya nchi za nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Mwezi Machi serikali yake ilitangaza kufuta asilimia 83 ya programu za USAID, na tarehe 1 Julai shirika hilo lilikoma kuendesha misaada, kazi zilizobaki zikihamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Miradi ya afya, kilimo na vyombo vya habari ilikuwa miongoni mwa iliyoguswa katika nchi nyingi za Afrika, na kwa kawaida miradi ya namna hiyo ndiyo hununua muda wa hewani katika redio za vijijini.

Tarehe 14 Machi 2025 ilitolewa pia amri ya kupunguza shughuli za taasisi inayosimamia Sauti ya Amerika (VOA). Siku iliyofuata karibu wafanyakazi wote waliwekwa likizo, na matangazo ya lugha nyingi yakanyamaza, ikiwemo Idhaa ya Kiswahili iliyokuwa hewani tangu mwaka 1962. Vituo vya FM vya Afrika Mashariki vilivyozoea kujiunga na idhaa hiyo vililazimika kujaza saa hizo kwa njia nyingine. Uamuzi huo ulipingwa mahakamani nchini Marekani.

### Nje ya Tanzania

Tatizo hilo si la Tanzania peke yake, wala si la nchi maskini tu. Nchini Uingereza, BBC ilitangaza mwezi Oktoba 2022 kwamba vituo vyake 39 vya mahali vya Uingereza (England) vingeanza kushirikiana vipindi vingi kuanzia saa 8 mchana badala ya kila kituo kuwa na vyake. Waandishi wa habari waligoma mwezi Machi 2023, lakini mpango ulitekelezwa. Mwezi Januari mwaka huo huo matangazo ya redio ya BBC kwa Kiarabu yalizimwa baada ya miaka 85.

Huko Kongo, Radio Okapi ilianzishwa mwezi Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Fondation Hirondelle la Uswisi. Hutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwa kuwa iko chini ya ujumbe wa kulinda amani, kila mjadala wa kuondoka kwa ujumbe huo ni mjadala pia wa hatima ya redio.

Mifano hiyo inaonyesha mwelekeo mmoja: taasisi ikipunguziwa fedha hulinda kwanza matangazo ya jumla yanayofika kwa watu wengi, na hukata kwanza yale yenye wasikilizaji wachache walio mbali, ingawa hao ndio wasio na chanzo kingine.

## Mfano wa eneo: Sindeni, Handeni na Korogwe

Sindeni ni kata ya vijijini katika Wilaya ya Handeni, upande wa Korogwe. Wenyeji wa eneo hilo ni Wazigua, na wilaya ya Korogwe ina pia Wasambaa na Wabondei. Watu wengi huishi kwa kulima mahindi, maharage na muhogo, na kwa kufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Korogwe inajulikana pia kwa mashamba ya mkonge. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, vuli (Oktoba hadi Desemba) na masika (Machi hadi Mei), na Handeni ina historia ya ukame na upungufu wa chakula mvua zinapokosekana.

Katika mazingira hayo thamani ya kipindi maalumu hutegemea uharaka na ukaribu wake. Mambo matatu yanaeleza hilo.

Majira. Utabiri wa mvua unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huzungumzia kanda na mikoa. Redio ya taifa huusoma kwa dakika chache. Kipindi cha mahali huweza kumkalisha afisa ugani pamoja na wakulima na kuufasiri: je, wiki hii ipandwe mbegu ya muda mfupi, au isubiriwe mvua ya pili? Jibu la Handeni si lazima liwe jibu la Lushoto, ambako ni milimani na baridi, ingawa wilaya zote mbili ziko Mkoa wa Tanga.

Wadudu na sumu. Viwavijeshi vamizi, wadudu wanaoshambulia hasa mahindi, waliingia Tanzania mwaka 2017. Wanadhibitiwa kwa urahisi zaidi wakigunduliwa wakiwa wadogo, kabla hawajaingia ndani ya moyo wa mmea, hivyo taarifa inayochelewa wiki mbili haina kazi. Vivyo hivyo sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga, haionekani kwa macho. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kinga yake ni kukausha na kuhifadhi mazao vizuri, jambo linalohitaji kurudiwa kila mavuno.

Ardhi na malisho. Handeni ni wilaya ya wakulima na wafugaji. Tangu mwaka 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zimehamishiwa kijiji cha Msomera wilayani humo. Kipindi ambamo mkulima, mfugaji na mtendaji wa kata husikilizana ni mahali pa kusemea kabla ugomvi haujafika shambani.

Wilaya jirani ya Pangani inaonyesha jinsi redio ya jamii inavyoweza kuishi karibu na watu: Pangani FM inahusiana na UZIKWASA, shirika la wilaya hiyo hiyo linalotumia pia sanaa na mijadala ya vijijini. Kata za ndani kama Sindeni, zilizo mbali na studio, hutegemea zaidi redio ambayo ina fedha ya kumtuma mtu hadi kwao. Safari hizo zikikoma, sauti za vijiji hivyo hutoweka hewani hata kama mawimbi bado yanafika.

## Athari

Kupungua kwa vipindi maalumu huwagusa kwanza watu ambao hawana njia nyingine. Simu janja na intaneti zimeenea mijini, lakini vijijini kifurushi cha data, chaji ya simu na uwezo wa kusoma bado ni vizuizi. Redio ya betri husikilizwa bila malipo, na mtu huweza kuisikiliza huku akipukuchua mahindi au akipika. Wanawake na wazee ni miongoni mwa wanaoitegemea zaidi.

Maafisa ugani nao hupoteza mkono wa pili. Afisa mmoja huhudumia kaya nyingi kuliko anavyoweza kuzitembelea, na redio humwezesha kuongea na wote kwa jioni moja.

Athari nyingine ni ya kumbukumbu. Redio nyingi ndogo hazina hifadhi nzuri ya sauti. Kipindi kikifungwa, mahojiano na wazee, maelezo ya mbegu za asili na historia za vijiji huweza kupotea pamoja na kompyuta iliyoharibika.

Wapo wanaoona kwamba ukomo wa ufadhili una faida yake. Kwa maoni yao, kipindi kinacholipiwa na mgeni humsikiliza mgeni, na redio iliyozoea miradi husahau kuwauliza wasikilizaji wanataka nini. Wengine hujibu kwamba msikilizaji maskini hawezi kulipia peke yake huduma ambayo faida yake ni ya umma, kama vile chanjo au barabara zisivyoachiwa mtu mmoja.

## Njia za kuendeleza vipindi

Uzoefu wa Tanzania unaonyesha njia kadhaa zilizosaidia vipindi kuendelea baada ya mfadhili kuondoka:

* Kuchukuliwa na wizara. Vituo vya *Tucheze Tujifunze* vya Zanzibar viliendelea chini ya Wizara ya Elimu kwa sababu viliingizwa katika mpango wa elimu ya awali badala ya kubaki kazi ya mradi.
* Mchango wa halmashauri. Idara za kilimo, mifugo na afya za wilaya zina wajibu wa kutoa elimu kwa umma, hivyo zinaweza kununua muda wa hewani au kumtoa mtaalamu na usafiri.
* Mitandao ya redio. Redio za jamii zimeungana katika mtandao wa TADIO, uliotanguliwa na COMNETA, ili kubadilishana vipindi, mafunzo na maombi ya fedha.
* Mifuko ya ndani. Tanzania Media Fund, iliyoanza mwaka 2008, ilitoa ruzuku kwa waandishi na vyombo vya habari, vikiwemo vya vijijini, ingawa yenyewe pia ilitegemea wafadhili wa nje.
* Kupunguza gharama. Simu imechukua nafasi ya safari nyingi. Msikilizaji hubipu na kituo humpigia, au hutuma sauti yake iliyorekodiwa. Umeme wa jua hupunguza bili ya mafuta.
* Vikundi vya wasikilizaji. Vikundi vya kuweka na kukopa na vyama vya ushirika vinaweza kuchangia kipindi kinachowahusu moja kwa moja.

Hakuna hata moja kati ya njia hizo iliyotosha peke yake. Vipindi vilivyodumu ni vile vilivyokuwa na mwenyewe wa ndani, iwe wizara, halmashauri, shirika la wilaya au wasikilizaji, kabla fedha za nje hazijakwisha. Vile vilivyosubiri hadi mwezi wa mwisho wa mradi ndipo vitafute mrithi, kwa kawaida havikumpata.

## Tazama pia

* Historia ya redio nchini Tanzania
* Redio ya jamii
* Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania
* Shirika la Utangazaji Tanzania
* Elimu ya watu wazima
* Sindeni
* Wilaya ya Handeni
* Wilaya ya Korogwe